Funga Hizo Apu, Rekodi Yako Haiishi Humo

Kuna ushauri unazunguka mtandaoni sai na umefika mpaka huku kwetu Baba Dogo: usiwahi kufunga akaunti ya mkopo ya zamani. Usifute apu. Usijitoe Fuliza. Usiache M-Shwari ilale. Kopa kidogo kila mwezi hata kama hauna shida, lipa, kopa tena, "limiti ikue." Eti ukifunga utaharibu historia yako, na ile siku utataka pesa ya maana, benki itakuangalia kama mtu aliyezaliwa jana.

Huu ushauri ni mbovu. Na kinachoniuma ni kwamba wanaousambaza ni vijana wenzangu, wenye simu kama yangu na wafuasi kama wangu, wanaongea na watu wa miaka 18, 19, ambao kitambulisho wamekipata juzi tu. Mtu amechukua ID Jumatatu, Ijumaa ako na apu tatu na anaambia marafiki anajenga historia ya mkopo. Historia gani? Ya kulipia pesa ambayo hata hakuihitaji?

Wacha nianze na mahali ushauri wenyewe umetoka, kwa sababu kule ulikotoka una maana. Umetoka Marekani. Kule watu wanaishi na kadi za mkopo, na kila mtu ana alama inayosema yeye ni mkopaji wa aina gani. Alama inayotumika sana inaitwa FICO. Asilimia 35 yake ni kama unalipa kwa wakati. Asilimia 30 ni deni ulilonalo, ukilinganisha na limiti ulizopewa. Asilimia 15 ni historia yako imeenda miaka mingapi. Halafu kuna 10 ya mikopo mipya na 10 ya mchanganyiko wa aina za mikopo.

Sasa chukua Mmarekani mwenye kadi mbili, kila moja ina limiti ya dola 1,000, na anadaiwa dola 500 kwa moja. Anatumia robo ya limiti yake yote. Akifunga ile kadi tupu, deni linabaki lile lile, lakini limiti sasa ni 1,000 peke yake. Ghafla anaonekana anatumia nusu. Hajakopa hata senti moja zaidi, na alama inaweza kushuka. Ndio maana wale wasee wa video wanapiga kelele, "Usifunge kadi yako ya kwanza!" Kwa mazingira yao, sawa. Ingawa hata wao huwa wanaacha sehemu ya hadithi: akaunti uliyofunga ukiwa umelipa vizuri inaweza kubaki kwenye ripoti yako hadi miaka 10, haipotei siku hiyo hiyo. Na kadi yenye ada ya kila mwaka ambayo huitumii, kuna washauri wengi tu huko watakuambia piga hesabu, pengine ni heri uifunge.

Lakini shika kitu kimoja hapo. Kadi isiyo na ada ya mwaka, Mmarekani anaitupa kwa droo. Mara moja moja anaitoa, ananunua kahawa ili benki isiifunge kwa kulala, analipa yote kabla ya tarehe, na riba ni sufuri. Kuiweka hai hakumgharimu kitu.

Niambie ni apu gani hapa Kenya utakopa leo, urudishe mwezi ujao, na usilipe kitu juu.

M-Shwari ilianza Novemba 2012, wakati wengi wetu tulikuwa bado tunacheza bano. Ada yake inayojulikana ni asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30, bila kuhesabu ushuru wa serikali unaoingia juu ya ada. Chukua mtu amefuata ule ushauri, anakopa 2,000 kila mwezi "kuweka akaunti hai." Kila mwezi anatoa 150. Mwaka ukiisha ametoa 1,800. Yaani amelipa karibu 2,000 ili azungushe 2,000 ile ile, na pesa yenyewe ilikuwa imelala kwa simu ikingoja kurudishwa. Na hiyo ni huduma iliyo na benki nyuma yake. Kuna apu zinazokata ada kabla hata pesa haijakufikia, uliomba 2,000 unaona 1,600, na baada ya wiki moja wanadai 2,000 yote.

1,800 si pesa ya kuchezea hapa mtaani. Kuna watu wanaamka saa kumi na moja asubuhi kwenda kusimama kwa geti za viwanda hapa Baba Dogo wakingoja supavaisa atoke achague nani ataingia kibarua leo. Wengine wanarudi saa mbili hawajachaguliwa. Hiyo 1,800 ni siku kadhaa za kubeba mizigo. Halafu kijana mwenye taa ya duara na kipaza sauti cha kubana kwa shati anamwambia hiyo ni "gharama ya kujijenga." Manze, hapana.

Linganisha na Hustler Fund, iliyozinduliwa Novemba 30, 2022. Siasa zake tuziweke kando, kila mtu ana maoni yake. Riba yake ni asilimia 8 kwa mwaka. 2,000 kwa siku 14 inakuja kama shilingi 6. Asilimia 5 ya mkopo inaenda kwa akiba, lakini hiyo ni akiba yako. Sikutumi ukakope huko kwa kujibamba. Ninachosema ni kwamba shilingi 6 na shilingi 150 haziwezi kuitwa jina moja, "mkopo mdogo wa simu," halafu tujifanye hatuoni tofauti.

Tuje kwa CRB, maana hapo ndipo uongo mwingi umejaa.

Watu wanaongea juu ya CRB kama ni selo. "Huyo jamaa ako CRB." Kuwa CRB si kosa. CRB ni kampuni za kuhifadhi kumbukumbu za wakopaji, zenye leseni ya Benki Kuu ya Kenya, kama TransUnion, Metropol na Creditinfo. Ukikopa kwa benki na ukalipa vizuri, uko huko pia. Tangu 2014 taarifa zinazopelekwa huko ni nzuri na mbaya, si zile za walioshindwa kulipa peke yake. Na huko jina lako limefungwa kwa namba ya kitambulisho. Kwa hivyo wale wanaovunja laini na kununua nyingine pale stejini wakidhani deni limekufa na laini, pole, deni liko na ID yako linakungoja.

Sasa fikiria hiyo inamaanisha nini kwa swali letu. Kama kumbukumbu ziko CRB, kufuta apu kwa simu hakuondoi ule mkopo uliolipa mwaka jana. Umeshaandikwa. Mkopeshaji alishapeleka kwamba ulichukua kiasi fulani na ukamaliza. Kufunga akaunti ambayo haina deni hakurudi nyuma kufuta hiyo. Na upande wa pili pia: kama ulichelewa ukaandikwa vibaya, kufuta apu hakukusafishi. Ile alama mbaya hata ukilipa inakaa miaka 5 tangu siku uliyomaliza deni, ikionyesha kwamba limelipwa. Apu ni mlango tu wa duka. Daftari liko kwa jirani.

Na kuna kitu kingine ambacho hawa walimu wa limiti hawasemi kabisa. Si kila apu inapeleka jina lako popote. Aprili 2020 Benki Kuu iliwaondolea wakopeshaji wa kidijitali wasiosimamiwa ruhusa ya kupeleka taarifa CRB, baada ya malalamiko mengi ya watu kuandikwa vibaya kwa pesa ya chai. Ikasema pia deni la chini ya 1,000 lisimweke mtu kwa orodha mbaya. Fikiria msee aliyekuwa analipa apu kama hiyo kwa uaminifu miezi yote iliyofuata, anajinyima, anajua anajenga jina. Jina lilikuwa linajengwa kwa seva ya hiyo kampuni peke yake. Hakuna benki ilikuwa inaliona.

Baadaye sheria ilibadilika. Desemba 2021 sheria ya Benki Kuu ilirekebishwa ili hawa wakopeshaji waombe leseni, na kanuni zake zikatoka Machi 2022. Orodha ya waliopewa leseni iko wazi kwenye tovuti ya Benki Kuu. Kabla hujaniambia unajenga historia na apu fulani, fungua hiyo orodha utafute jina la kampuni yake. Kama halimo, unajenga historia na nani?

Halafu kuna hii ibada ya limiti. Jamaa anapiga picha ya simu yake, limiti imefika 30,000, anapost na emoji ya moto. Watu wanampongeza kama amenunua ploti. Buda, hiyo si pesa yako. Ni kiasi ambacho mtu fulani ako tayari kukudai. Na limiti ya mkopeshaji mmoja ni hesabu yake mwenyewe, kwa mashine yake, kwa sababu zake. Haihami. Ukienda sacco na picha ya limiti ya apu, watakuuliza akiba yako iko wapi, kwa sababu sacco nyingi zinakupimia mkopo kwa akiba, mara 3 hivi ya ulichoweka. Benki watakuuliza stakabadhi za mshahara au taarifa ya M-Pesa ya miezi kadhaa, waone pesa inaingia na inatoka vipi. Na hiyo taarifa ya M-Pesa ikiwa imejaa kukopa, kulipa, kukopa, kulipa, kila wiki, apu nne tofauti, afisa anayeisoma haoni mtu mwenye historia nzuri. Anaona mtu anayezima moto.

Tusijidanganye kwamba hii ni nadharia. Novemba 2022 Benki Kuu ililazimika kuanzisha mpango wa kurekebisha rekodi za waliokuwa wameshindwa na mikopo ya simu, ile ya siku 30 kushuka. Ilihusu zaidi ya watu milioni 4. Benki ziliambiwa zipunguze angalau nusu ya deni, iliyobaki mtu alipe hadi mwisho wa Mei 2023. Zaidi ya milioni 4. Wengi wao hawakuamka siku moja wakaamua kuwa wezi. Walianza na kidogo, wakapewa zaidi, wakachukua zaidi, maana limiti ilikuwa imekua.

Fuliza naipa nafasi yake, kwa sababu ndiyo inayotumaliza kimya kimya. Ilianza Januari 2019. Nikiwa mkweli, tangu bei zishushwe Oktoba 2022, ukichukua 1,000 kushuka na ukarudisha ndani ya siku 3 za kwanza, hakuna ada ya kila siku, unalipa ile asilimia 1 ya kuingia. Hiyo ni nafuu kuliko apu nyingi. Kama uko stejini saa tatu usiku na umepungukiwa na nauli, fuliza, nenda nyumbani, hakuna mtu atakulaumu.

Shida ni vile inajilipa. Pesa yoyote ikiingia, inajikata yenyewe. Haiulizi hiyo pesa ni ya nani. Mathe anakutumia 800 umpitishie dawa ya presha pale chemist, simu inameza 800. Wewe ndio mweka hazina wa chama, watu wanatuma michango, simu inameza. Mteja anakutumia pesa ya kununua vifaa vya kazi yake, simu inameza. Sasa unadaiwa na watu wawili badala ya mmoja, na huyu wa pili ni mtu mnaonana kila siku kwa ngazi ya ploti. Nimeona urafiki wa miaka ukiisha hapa mtaani kwa sababu ya shilingi 1,500 ya chama iliyoingia kwa laini yenye Fuliza. Hakuna alama ya CRB inayolipia hiyo.

Kwa hivyo kama laini yako inapitisha pesa za watu, mimi naona ujitoe Fuliza kwa hiyo laini. Unalipa deni lote, unapiga *234#, unaingia sehemu ya Fuliza, unajiondoa. Ukitaka kurudi siku moja, utarudi. Pengine limiti utakayopata itakuwa ndogo kuliko ya zamani. Na iwe ndogo.

Sababu nyingine ya kufunga haina uhusiano na alama kabisa. Ni simu yako. Unakumbuka ulipoweka ile apu 2019, ukabonyeza "ruhusu, ruhusu, ruhusu" bila kusoma? Namba za watu, ujumbe, mahali ulipo. Ndiyo hizo namba walikuwa wanapigia watu: shangazi yako, mwalimu wako wa zamani, yule dem ulikuwa unamfuatilia, wote wanaambiwa unadaiwa. Septemba 2023 ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilitoza kampuni ya Mulla Pride, wenye apu za KeCredit na Faircash, faini ya shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na namba za watu walizopata kwa wengine na kuwatumia vitisho. Kanuni za 2022 zenyewe zinakataza mkopeshaji kuingia kwa namba za watu wako ili awatumie ujumbe ukichelewa kulipa. Sheria iko. Lakini namba zilishachukuliwa, na zinakaa huko kila siku akaunti yako iko wazi. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 una haki ya kuomba data yako ifutwe pale ambapo hawana tena sababu halali ya kuiweka. Rekodi za mikopo wanaweza kusema sheria inawalazimu kuweka kwa muda. Orodha ya namba za shangazi zako, sheria gani hiyo inalazimu?

Sasa najua kuna mtu tayari anaandika, "Kwa hivyo unasema tuishi bila mkopo?" Sijasema. Mkopo umesaidia watu wengi. Mama mboga anayechukua 3,000 alfajiri aende soko, auze, arudishe jioni na abaki na faida, huyo anajua kazi ya mkopo kuliko mimi na wewe. Akiwa na mkopeshaji mmoja anayemwamini, mwenye leseni, wa bei ya chini, abaki naye. Hata ninyi wengine: ukiwa na moja ya zamani, isiyokukata ada ukiwa hujakopa, na huwa unaitumia kwa shida ya kweli, hakuna haja ya kuifunga ili tu kunifurahisha. Ninaongelea zile nne, tano zingine, ambazo kazi yake ni kukutumia ujumbe Ijumaa jioni kwamba umechaguliwa kupata 5,000.

Pia kuna wakati wa kungoja. Kama wiki ijayo unaomba mkopo wa maana, wa pikipiki ama wa kununua mashine, usianze kuvuruga vitu sai. Kwanza chukua ripoti yako uone iko vipi. Sheria inakupa ripoti moja bure kila mwaka kutoka kwa kila CRB. Bure. Watu wengi mtaani hawajui hilo, wanalipa jamaa wa saiba pesa awatolee kitu ambacho ni haki yao. Na cheti cha kwanza cha kuonyesha huna deni baya, kanuni za 2020 zilisema kiwe bure pia. Wale mnaotafuta kazi mnajua vile hicho cheti kinaulizwa.

Ripoti ikitoka, isome yote. Angalia akaunti zilizoandikwa ziko wazi, na deni linaloonyeshwa kwa kila moja. Ukiona mkopo ulimaliza bado unaonyesha shilingi 240, hiyo ndiyo ya kupigania kwanza, kabla ya kufunga kitu chochote. Andikia mkopeshaji, andikia CRB, weka nakala ya ule ujumbe wa M-Pesa wa siku uliyolipa. CRB inatakiwa ichunguze malalamiko yako na irekebishe kama una haki.

Ukishalipa kila kitu, ndipo ufunge. Kufunga si kufuta apu. Narudia kwa sababu hili ndilo linawaangusha wengi: ukifuta apu na deni liko ndani, hujafunga, umehepa. Na hata bila deni, ukifuta apu bila kuwaambia, akaunti yako bado iko wazi kwao. Ingia kwa apu, tafuta sehemu ya kufunga akaunti, kama haipo waandikie barua pepe. Maneno machache tu: jina lako, namba ya simu, kwamba deni ni sufuri, unataka akaunti ifungwe, uthibitisho kwa maandishi, na namba za watu wako zifutwe. Piga picha jibu lao, lihifadhi mahali hata ukiibiwa simu pale Allsops utalipata. Halafu sasa ndio unaifuta. Baada ya miezi miwili mitatu, cheki CRB tena kama wameandika imefungwa.

Inachosha? Ndiyo. Kuifungua ilichukua dakika mbili, kuifunga inachukua wiki mbili. Hiyo tofauti si bahati mbaya.

Na kwa wale mmemaliza chuo, kuna moja siwezi kuwaambia mfunge hata mkitaka, nayo ni HELB. Najua msee anajisifu apu zake zote ziko safi, limiti zimepanda, lakini HELB hajaigusa tangu amalize. Riba yake ni asilimia 4 tu, ndogo kuliko karibu kila kitu kwa simu yako. Lakini ukinyamaza, kuna faini ya shilingi 5,000 kila mwezi, na HELB pia wanapeleka majina CRB. Huyu anapalilia mkopo wa 2,000 ili aonekane mzuri, huku 5,000 inaongezeka kila mwezi kwa upande mwingine wa ripoti ile ile. Kama hauna kazi, nenda uwaambie, mpange. Hiyo 150 ya kuweka M-Shwari hai, ipeleke huko.

Mwisho kuna hawa wanaouza "kuongezewa limiti." Umewaona. Wako kila mahali, wanapost picha za Fuliza ya 70,000, wanasema tuma 300 nikupandishie. Hakuna mtu wa mtandaoni anayeweza kukupandishia Fuliza, Safaricom wenyewe wameonya watu mara nyingi. Anakula 300 yako, na mara nyingi anakuomba PIN ama namba ya siri iliyotumwa kwa ujumbe, na hapo unapoteza zaidi ya 300. Hao matapeli hawangekuwa na biashara kama hatungekuwa tumeambiwa kwamba limiti ni sifa. Wale wenzangu wa video mnaofundisha watu "kukuza limiti," mnawalimia hao shamba.

Najua baadhi yenu mnalipwa na hizo apu. Si siri, naona vile video inaanza na "historia yako ya mkopo ni muhimu sana" na inaisha na kiungo cha kupakua. Mimi pia nimetumiwa ujumbe na watu wa mikopo wakitaka nipost, bei ilikuwa nzuri, na nilikataa. Ukikubali, ni kazi yako, lakini angalau sema kwa video kwamba umelipwa, na sema riba ni ngapi kwa mwezi, kwa sauti, si kwa maandishi madogo yanayopita kwa sekunde moja. Mtoto wa Form Four anayekusikiliza ako Korogocho, ako Lucky Summer, ako Kariadudu. Hana kadi ya Marekani kwa droo.

Wiki hii nachukua ripoti yangu ya bure na nitapost vile inasomwa, ukurasa kwa ukurasa. Ukiwa na yako na kuna mahali hauelewi, niandikie nitaiweka kwa video bila jina. Lakini usinitumie picha nzima. Funika namba ya kitambulisho na ya simu kwanza.